Wahudumu wangu wanafaulu mtihani wa semina ya dimensia, wakirudi kazini ni yale yale. Niwafundisheje?

SupaWaZamu (mleta mada)

Habari za muda huu wadau, naomba mawazo yenu hasa nyie mlioko kwenye hizi kazi za kutunza wazee. Mi nasimamia zamu kwenye kituo, tuna wakaazi 26 na zaidi ya nusu wana dimensia (kupoteza kumbukumbu na uwezo wa kufikiri). Mwaka jana tukaletewa semina ya siku mbili, huduma inayomweka mtu mbele, yaani umwone mtu kwanza ndo uuone ugonjwa wake. Semina ilikuwa nzuri sikatai, video nzuri, watu wakatokwa na machozi mle ukumbini, mwisho mtihani wa maswali 20 na hakuna aliyepata chini ya 16. Vyeti vikabandikwa ukutani.

Wiki iliyofuata napita korido namkuta mhudumu aliyepata 19 anamhamisha mama mmoja kwa kiti cha magurudumu kutoka sebuleni kwenda chooni. Kamjia kwa nyuma, hajasema neno, kaachia breki na kuondoka naye mbio, huku anapiga stori na mwenzake kuhusu likizo. Yule mama kashikilia mikono ya kiti utadhani yuko kwenye ngalawa inazama. Nikamwita yule mhudumu pembeni nikamuuliza, hivi kwenye semina mlifundishwaje kumhamisha mtu? Akanijibu moja kwa moja, mjie kwa mbele, inama macho yenu yalingane, mwambie unachotaka kufanya, msubiri. Anajua kabisa! Tena kaniambia kwa upole tu, wala hakuona kama kuna tatizo.

Mwaka huu nimeambiwa mafunzo niandae mwenyewe, hela ya kuleta mtu hamna. Sitaki kurudia kuwajaza watu maneno. Mafunzo ya aina gani yanafika mikononi?

Na la pili linalonisumbua, tuna mama mwingine kila siku saa kumi jioni anasimama mlangoni na mkoba wake, anawahi kuchukua watoto shule. Hao watoto saivi wenyewe wana wajukuu. Mhudumu mmoja anamwambia ukweli, mwingine anamwambia leo shule imefungwa, mwingine anakomea mlango na kuondoka. Nani yuko sahihi?

---

Mnoaji

Mkuu karibu kwenye chama. Nimekuwa nesi halafu mkufunzi kwa miaka mingi na hicho ulichokiona koridoni nimekiona kila kituo nilichopita, tena kwa watu wazuri kabisa.

Anza na huyu, Tom Kitwood, mwanasaikolojia wa Bradford kule Uingereza, ndo mtu anayetajwa zaidi kwenye mambo haya. Miaka ya 80 na 90 alikaa kwenye vituo akiangalia tu, kisha akaorodhesha mambo 17 ambayo wahudumu wanawafanyia watu wenye dimensia na yanawabomoa, kumfanya mtu mzima mtoto, kumdanganya, kumpuuza akiwa amekaa hapo hapo, kumbandika jina la ugonjwa, kumharakisha kuliko kasi yake, kumgeuza kitu cha kubebwa. Hicho kiti chako cha magurudumu kina matatu manne ya hayo ndani ya dakika moja. Ila kitu ambacho semina nyingi zinakiruka ni kwamba Kitwood alisema wazi kabisa wanaofanya haya mara nyingi hawana nia mbaya, ni mazoea ya kazi yanarithishwa, mgeni anaingia leo anamwona mzoefu anafanya hivyo naye anafuata. Kwa hiyo ukifundisha kwa kuwaonyesha ubaya wao unawapoteza saa ya kwanza tu.

Mi nafanya hivi. Siku ya kwanza hakuna slaidi hata moja. Nawagawa wawili wawili, mmoja anakaa kwenye kiti cha magurudumu, mwenzake anamjia kwa nyuma anakisukuma bila kusema. Halafu wanarudia, safari hii kwa mbele, kwa kusema na kusubiri. Kisha kulishana kwa kijiko, anayelishwa haruhusiwi kuongea wala kushika kitu, na anayelisha namwambia kimyakimya una dakika tano umalize bakuli. Wanacheka mwanzoni. Baadaye anakuja mmoja anasema "nilikuwa bado natafuna", na hapo ukumbi unakuwa kimya. Hilo neno ukilisema wewe mbele ya slaidi halina uzito huo.

Siku ya pili naenda nao sebuleni. Kila mmoja anachagua mkaazi mmoja, anakaa mahali asipomsumbua, kila dakika tano anaandika vitu viwili tu, anafanya nini sasa hivi na anaonekanaje, karidhika au kanyong'onyea au kasinzia. Saa moja. Ni kipande kidogo kilichorahisishwa cha ile mbinu rasmi ya kuchora ramani ya huduma iliyotoka huko huko Bradford. Mara nyingi wanarudi wameshtuka, mtu kakaa saa nzima hajasemeshwa na mtu hata mara moja, au aliposemeshwa ilikuwa "nyanyua mkono".

Halafu siku mbili hazitoshi, hilo likubali mapema. Kuna utafiti Uingereza ulichapishwa 2006, vituo 12, mkufunzi hakuja akaondoka, alikuwa anarudi kila wiki anakaa na wahudumu, na baada ya mwaka wakaazi wanaotumia zile dawa kali za kutuliza (za magonjwa ya akili) walikuwa asilimia 23 kwenye vituo vilivyofundishwa, na asilimia 42 kwenye vituo vingine. Fujo haikuongezeka. Kilichofanya kazi pale ni kule kurudi.

---

ZamuYaUsiku

Naomba niseme upande wa pili maana huwa hatuulizwi. Mi ni huyo mhudumu wako wa 19 kati ya 20. Sio mimi kweli ila ni mimi.

Mnatufundisha tuiname macho yalingane, tumsubiri ajibu, tumpe nguo mbili achague, sawa, nzuri sana. Halafu asubuhi napewa watu wanane wawe wameoga wamevaa wamekaa mezani kabla ya saa mbili. Nikimsubiri mmoja achague shati, yule wa nane anaoga saa nne na anayeulizwa ni mimi. Hakuna aliyewahi kuniuliza "leo umemsubiri nani?" wananiuliza "umemaliza wangapi?". Sasa niambieni mtu atafuata cheti cha ukutani au atafuata kile anachoulizwa kila siku?

Kuna baba nilikuwa namwogesha, alikuwa anapiga ngumi, ananing'ata, tulikuwa tunaingia wawili mmoja anamshika. Kwenye daftari kaandikwa "mkorofi wakati wa kuoga". Siku moja bosi mpya wa zamu akaniambia leo usimwogeshe bafuni kabisa, mwogeshe kitandani kwa taulo. Unalowesha taulo kubwa kwa maji ya moto yenye ile sabuni isiyohitaji kusuuzwa, unalikamua, unamfunika nalo mwili mzima, juu yake unaweka blanketi, halafu unamkanda kupitia taulo, unafunua sehemu moja moja. Nilidhani ni utani. Yule baba alifumba macho akavuta pumzi ndefu, nikajua huyu mtu siku zote alikuwa anasikia baridi tu na aibu ya kuvuliwa mbele ya wasichana wawili. Hakuniumiza tena. Na muda haukuzidi, maana zamani tulikuwa wawili na nusu ya muda ni kupigana.

Ila bosi yule aliniambia kitu kimoja asubuhi ile, "ukichelewa leo nitajibu mimi". Bila hilo neno nisingejaribu.

---

Mnoaji

@ZamuYaUsiku hapo umegonga penyewe. Kuoga ndo mahali pa kuanzia mafunzo kwa maoni yangu, maana ndo kwenye vita, na mhudumu anaona faida siku hiyo hiyo. Hiyo ya taulo imepimwa, Marekani 2004, walilinganisha na bafu la kawaida, na taulo pamoja na kuogesha bafuni kwa kumfuata mtu mwenyewe vyote viwili vilishusha fujo kwa zaidi ya nusu. SupaWaZamu wafundishe hilo kwanza kwa mikono, kitandani, wewe mwenyewe ukiwa ndo unayeogeshwa na nguo zako za mazoezi. Usicheke, nimefanya.

---

MkweliMtupu

Tusidanganyane jamani. Haya mambo ya kuinama na kusubiri ni ya vitabuni, mtu akichachamaa usiku anataka kutoka na wewe uko peke yako na watu 13, kidonge kinamsaidia yeye na wenzake. Mnawatwika wahudumu mzigo wa mapenzi kwa mshahara wa kufagia.

---

SupaWaZamu

@MkweliMtupu la mshahara sibishani nawe hata kidogo. La kidonge nabisha. Hizo dawa za kutuliza nimeona mtu anapewa Jumatatu, Ijumaa hawezi kusimama, wiki ya pili kaanguka. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kali tangu 2005 kwamba kwa wazee wenye dimensia zinaongeza hatari ya kufa. Kuna wakati zinahitajika, daktari ataamua, ila kwetu zilikuwa zinaombwa na zamu ya usiku kama mtu anavyoomba shuka la ziada.

---

Mnoaji

Naongezea hapo hapo. Ripoti iliyoandikwa kwa serikali ya Uingereza 2009 ilikadiria watu 180,000 wenye dimensia walikuwa wanapewa hizo dawa kwa mwaka, wanaofaidika ni wachache, na vifo vya ziada kama 1,800 kila mwaka. MkweliMtupu sikulaumu, kumhudumia mtu anayetaka kutoka saa nane usiku ukiwa peke yako ni mtihani. Lakini kabla ya kidonge jiulize anaumwa wapi. Norway walichukua wakaazi 352 wenye fujo, nusu wakawekewa utaratibu wa kutibu maumivu hatua kwa hatua, wengi wao ikawa parasetamo tu ya kawaida, na baada ya wiki nane fujo ilipungua kwa asilimia 17. Matokeo yalitoka 2011. Mtu aliyepoteza maneno hawezi kukwambia jino linauma, anakwambia kwa ngumi.

Hili nalo linafundishika ndani ya nusu saa, angalia vitu vitano, anavyopumua, sauti anazotoa, uso, mwili umekakamaa au umelegea, na kama ukimbembeleza anatulia au la. Kila kimoja 0 mpaka 2. Kibandike ndani ya mlango wa kabati la dawa ili mtu akifungua akione kwanza.

---

BintiMzee

Samahani mi sio mhudumu, ni mtoto wa mkaazi, nimesoma hapa nikaona nichangie maana kuna kitu mafunzo yenu yanatuacha sisi nje.

Kituo alichokaa baba walikuwa wamefundishwa kuhusu historia ya maisha, wakatupa fomu, kazi yake, alichopenda, muziki wake. Aliyejaza ni kaka yangu mkubwa. Kaandika "mcheshi, anapenda watu, kiongozi wa kwaya". Yote kweli... miaka 30 iliyopita. Baada ya mama kufariki baba alikuwa mtu wa kukaa peke yake kibarazani na redio kwa sauti ya chini, mi ndo nilikuwa nakaa naye. Sasa wahudumu kwa nia nzuri kabisa wakawa wanamweka katikati ya duara la kuimba kila siku asubuhi, wanampa mkono aongoze. Alikuwa anaanza kutetemeka, kisha anasukuma meza. Wakaandika "hali inashuka, hashiriki tena". Nilipouliza wananionyesha fomu, lakini hapa imeandikwa anapenda!

Aliyegundua ni dada wa usafi. Sio mhudumu, msafishaji. Aliniambia "baba yako mi nikideki chumbani kwake anatulia sana, huwa simsemeshi". Hakuwa ameingia kwenye semina yoyote. Wakamhamishia kiti chake pale dirishani karibu na ndoo zake basi.

Kwa hiyo ukiwafundisha wako, wafundishe fomu iandikwe kwa penseli. Na msafishaji na mpishi na mlinzi nao waingie kwenye mafunzo, maana ndo wanaowaona wazee pale ambapo nyie mko bize kuwahudumia.

---

ZamuYaUsiku

Hii ya penseli naiiba. Na huyo dada wa usafi kila kituo yupo.

Nyingine ndogo, majina. Sisi tunaita kila mtu bibi au babu, ni heshima, ila nina mzee mmoja ukimwita babu anageuka kutafuta babu ni nani. Ukimwita Mwalimu ananyanyuka kabla hujamaliza.

---

SupaWaZamu

Asanteni sana mmenifungua. Bado la mama wa saa kumi jioni, naona mmelikwepa nyote haha.

---

Mnoaji

Halijakwepwa, ni gumu tu na wakufunzi wenyewe tunagombana nalo.

Kumwambia ukweli kwamba watoto wake ni wazee, usifanye. Kwake ni habari mpya kila siku, na kesho utamwambia tena. Kumwambia shule imefungwa inapunguza makelele ila kuna siku anakugundua, na hata asipokugundua hofu yake bado anayo, umemnyamazisha tu. Mi nafundisha ifuate hisia, achana kwanza na ukweli na uongo. Anachosema ni kwamba kuna mtu anamtegemea na yeye kachelewa. Basi mjibu hapo. "Unawawaza watoto. Ulikuwa unawachukua mwenyewe kila siku? Nani alikuwa anatoka wa kwanza mbio?" Mnatembea pamoja kidogo kuelekea mlangoni, sio kumvuta arudi ndani, mnatembea, mnageuka pamoja. Mara nyingi baada ya dakika kumi anakuwa anakusimulia wewe kuhusu huyo mtoto. Sio kila siku itafanya kazi, kuna siku atalia hata ufanyeje na utakaa naye tu.

Na angalia saa kumi kwenu kunatokea nini. Nabashiri ndo zamu zinabadilishana, watu wanavaa makoti, wanachukua mikoba, wanaaga, mlango unafunguka funguka. Mtu yeyote mwenye akili timamu angeona hiyo akajua ni saa ya kuondoka.

Kuhusu mafunzo sasa, usiwe mwalimu peke yako. Kuna utafiti mkubwa wa vituo 69 Uingereza uliotoka 2018, walichagua wahudumu wa pale pale ndani wakawanoa wao ndo wawanoe wenzao, pamoja na kuwapa wakaazi muda wa maongezi na shughuli wanazozipenda, na hali ya maisha ya wakaazi ikapanda, fujo ikashuka. Lakini nikwambie na upande mwingine, ile mbinu ya ramani niliyoitaja juu nayo ilijaribiwa kwenye vituo 50, ikatoka 2020 na haikuonyesha tofauti, na sababu moja kubwa ni kwamba vituo vingi havikuifanya walivyopangiwa, watu wamefundishwa, wakarudi, hawakupewa muda wa kuifanya. ZamuYaUsiku alishaisema hiyo bila utafiti.

---

SupaWaZamu (baada ya wiki tatu)

Nimerudi kutoa mrejesho, najua nyuzi za hapa huwa zinafia njiani.

Mafunzo sijafanya ukumbini. Nimechagua wawili, yule wa 19 na mpishi wetu msaidizi. Ndio, mpishi. Kila Jumanne na Alhamisi nusu saa, wakati wakaazi wengi wamelala mchana, tunachukua mkaazi mmoja tu tunamwongelea huyo huyo, halafu tunabadilisha kitu kimoja kwa wiki hiyo. Kimoja. Zoezi la kiti cha magurudumu nimelifanya, yule binti wa 19 alipokaa mwenzake akamchomoa kwa nyuma alipiga ukelele, halafu akanitazama, hatukuongea kitu.

Ubaoni ofisini pale palipokuwa "wamemaliza kuoga: __" nimefuta. Uongozi haujapenda, tunavutana bado. Sijui nitashinda.

Mama wa saa kumi, Mnoaji ulibashiri sawasawa, makabati ya wahudumu yako ukutani kabisa na mlango ule. Sasa zamu inaingilia na kutokea mlango wa jikoni. Siku nne za kwanza hakuja kabisa mlangoni, ya tano akaja. Mpishi akatembea naye, akamuuliza nani alikuwa anatoka wa kwanza. Akajibu "yule mdogo, viatu kashika mkononi". Mpishi kaandika hiyo kwenye fomu yake, kwa penseli.

@ZamuYaUsiku ile sabuni ya taulo mnachanganya kiasi gani kwa ndoo? Ya kwetu inaacha kunata.

---

ZamuYaUsiku

Mnazidisha hiyo. Fuata kipimo cha kwenye chupa, usiongeze kwa jicho. Na taulo likamue kweli kweli, liwe na joto bila kudondosha maji. Ligusishe kwanza kwenye mkono wako wa ndani kabla hujamfunika mtu.